Upendo Kamera Inapozimwa

Wengi wetu tunapenda filamu za mapenzi, wala si dhambi kukiri hivyo. Mojawapo ni Sense and Sensibility ya mwaka 1995, iliyoongozwa na Ang Lee kutokana na riwaya ya mwaka 1811 ya Jane Austen, binti wa kasisi wa Kianglikana. Ndani yake Marianne, anayeigizwa na Kate Winslet, anateguka mguu kwenye mvua. Kijana Willoughby anatokea juu ya farasi na kumbeba mpaka nyumbani. Tangu hapo, jinsi wanavyotazamana inatuaminisha kwamba huo ndio upendo wenyewe.

Kumbe Willoughby alikwisha kumpa mimba msichana mwingine na kumtelekeza. Mwishowe anamwoa mwanamke mwenye pauni 50,000. Marianne anatembea mvuani kwa uchungu mpaka anaanguka, na safari hii anayembeba ni Kanali Brandon, mtu mzima asiyewahi kumsisimua. Ugonjwa unapozidi, Brandon haongei maneno matamu. Anaomba apewe kazi ya kufanya, kisha anakwenda kumleta mama wa mgonjwa.

Kuna jambo jingine. Greg Wise, aliyemwigiza Willoughby, alikutana katika kazi hiyo na Emma Thompson, aliyeandika mswada wa filamu na kumwigiza Elinor, dada yake Marianne. Walioana mwaka 2003. Moto tuliouona kwenye skrini ulikuwa wa kuigiza, na ule wa kweli hatukuuona.

Je, waigizaji hao walitudanganya? Hapana. Mwigizaji ametuambia mapema kwamba anaigiza. Tatizo ni la anayeigiza bila kusema. Neno la Kigiriki ambalo Bwana Yesu analitumia kwa wanafiki, hupokrites, lilikuwa jina la mwigizaji wa jukwaani. Hapo hata sisi wachungaji tunaguswa. Tumewahi kusimama madhabahuni tukitabasamu na kufungisha ndoa za wengine, huku nyumbani hatujasemezana na wake zetu siku tatu.

Wanandoa huja kwetu wakisema upendo umekwisha. Tukiwasikiliza, mara nyingi kilichokwisha ni msisimko. Hatuzungumzii nyumba yenye kipigo. Huko hatumwambii mtu avumilie. Tunazungumzia nyumba ambayo mioyo imekauka tu. Mtu atauliza: kumhudumia mwenzako siku ambayo huhisi kitu, huko nako si kuigiza?

Tunajibu kwamba sivyo. Mwigizaji huacha kamera inapozimwa. Mwaminifu huendelea pasipo mtazamaji. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 13, anapoueleza upendo anataja uvumilivu na fadhili, mambo yanayotendeka hata moyo ukiwa mzito.

Lakini hisia si adui. Elinor alificha maumivu yake miezi mingi, na aliposikia kwamba Edward hajaoa, alilia kwa kwikwi mbele ya wote. Machozi yale yanatufundisha kwamba uaminifu usiosema kweli nao unachosha roho.

Basi jioni ya leo tusiigize. Aliyechoka amwambie mwenzake kwamba amechoka, kisha amwambie kwamba hata hivyo yupo. Kwa wengine wetu neno hilo litakuwa gumu kuliko mahubiri yote tuliyowahi kuhubiri. Bwana atupe ujasiri wa kulisema.