Chuma Kimetunzwa, Watu Je?

Mlima Gelai uko kwetu Tanzania, kando ya Ziwa Natron, lakini jina lake limebandikwa Nairobi, ubavuni mwa kichwa cha treni cha mvuke namba 5918. Kimewekwa katika Makumbusho ya Reli, pamoja na 5930 kiitwacho Shengena, mlima wa Upare, na 3020 chenye jina la Wanyaturu wa Singida.

Gelai kina tani 252. Boila limekaa katikati, na mbele na nyuma yake kuna injini mbili zinazojigeuza kila moja kivyake, ndiyo maana dude zito hivyo liliweza kukata kona za reli nyembamba na kupanda kutoka Mombasa hadi Nairobi. Beyer Peacock wa Manchester waliunda 34 vya aina hiyo, vikaanza kufika mwaka 1955, vikapewa majina ya milima ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Shirika la reli lilikuwa la nchi zote tatu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ikashika njia yake, na Wakenya wakayatunza majina ya milima yetu. Nawashukuru kwa dhati.

Chuma kimepata heshima yake. Waliokiendesha je? Wastaafu wa Jumuiya ile walidai mafao yao kwa miaka mingi, wakaandamana hapahapa Dar es Salaam wakiwa wazee, wengine wakafa wakingoja. Hilo linaniuma kila nipitapo Stesheni ya reli.

Reli ya Kati ilianza kujengwa hapa mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914. Leo, jirani na jengo la zamani, watu wanawahi treni ya umeme iliyoanza safari za Morogoro mwaka 2024. Naifurahia sana. Ila katika fedha zote zilizojenga reli hiyo mpya, pakosekane kweli za kinasa sauti? Mtu aketi na mzee aliyekuwa dereva, amweleze alivyoujua mvuke kwa kusikiliza tu. Aketi na aliyegeuza reli usiku pale Tabora, na aliyewakatia tiketi wafanyabiashara wa Kariakoo. Majina yao yaandikwe ukutani, Stesheni, abiria wayasome. Aliyeajiriwa akiwa na miaka ishirini mwaka ule wa 1977 sasa ana takriban miaka sabini, na hao ndio waliokuwa vijana kazini. Kazi hii ianze mwaka huu.