Amri, Hiari na Hifadhi ya Mazingira

Katika lugha yetu kitenzi kuhifadhi kina maana mbili zilizo ndugu. Mtu huhifadhi mali yake isiharibike. Na mtu huhifadhi shairi, yaani hulitia kifuani likawa lake, hata kitabu kikipotea shairi lenyewe halipotei. Waliotumia neno moja kwa mambo haya mawili hawakukosea. Kitu kinacholindwa na ua na askari peke yake hakijahifadhika bado. Huhifadhika pale kinapoingia vifuani mwa watu. Kwa mizani hiyo twapenda kulipima swali linalowahusu walimu na wanafunzi wetu, kama linavyomhusu kila raia: je, usafi na ulinzi wa mazingira ni mambo ya kuamrishwa, au ni mambo ya hiari ya wale wanaoishi ndani ya mazingira hayo?

Swali hili si jepesi, na wapo wenye jibu la haraka. Husema kwamba watu hawasafishi mpaka waamriwe, na kwamba mtaro wa wote ni mtaro usio na mwenyewe. Hatuwezi kuwapuuza. Tarehe 9 Desemba 2015, badala ya gwaride la sherehe za Uhuru, Watanzania waliagizwa kushika mafagio na majembe, na nchi nzima ikaingia kazini. Takataka zilizokaa muda mrefu ziliondoka kwa siku moja. Amri, basi, ina nguvu. Lakini fagio haliulizwi siku ya sherehe. Fagio huulizwa kesho yake. Ni nani anayezoa taka asubuhi ambapo hakuna kiongozi anayepita wala mpiga picha anayemfuata? Hapo ndipo penye tatizo lenyewe.

Historia ya nchi yetu imetupa mafunzo katika jambo hili. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa milima ya Uluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Nia, kwa maneno, ilikuwa njema: kuiokoa ardhi na mito inayotoka huko. Lakini wakulima hawakuulizwa. Waliona kazi nzito ikichukua siku zao, na mahali pengi udongo wa chini usio na rutuba ukiletwa juu, na mavuno yakipungua. Mwaka 1955 ghasia zilizuka, na mpango ule ukaachwa. Waluguru hawakuichukia milima yao. Walikataa kugeuzwa vibarua wa mawazo ya mtu mwingine katika mashamba waliyorithi kwa bibi zao. Jambo jema lililoletwa kwa fimbo liliacha kumbukumbu ya fimbo, na jema lenyewe likasahauliwa.

Hata hivyo tusihukumu kwa mfano mmoja. Huko Kondoa, ambako makorongo yalikuwa yameitafuna nchi kiasi cha kutisha, serikali ilianzisha mwaka 1973 mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa kifupi kuwa HADO. Mwaka 1979 iliamuliwa kwamba mifugo yote, ipatayo 90,000, iondolewe katika eneo lililozidi kilomita za mraba 1,200. Baada ya miaka michache majani yalirudi, miti ikachipua, na mabonde yaliyojaa mchanga yakaanza kulimika. Aliyeona vilima vile kabla na baada hawezi kusema kwamba amri ile haikufaa kitu. Lakini mizani ya haki ina vitanga viwili. Katika kitanga cha pili wapo wenye mifugo walioondoka nayo au kuiuza, watoto waliokosa maziwa, mashamba yaliyokosa samadi, na nchi jirani zilizopokea mifugo iliyohamishwa. Baadaye ilibidi watu waruhusiwe kufuga ng'ombe wachache wa maziwa mabandani, kwa majani ya kukatwa. Ardhi iliponywa, lakini gharama ya dawa ililipwa na wale ambao sauti yao katika shauri lile ilikuwa ndogo kuliko zote.

Tuutazame sasa mkoa wa Shinyanga. Nchi ile ilifyekwa kwa miaka mingi ili kufukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, hata sehemu nyingine zikaitwa jangwa. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, maofisa walileta kwanza miche ya vitaluni, kama ilivyo desturi ya maofisa. Lakini Wasukuma walikuwa na utaratibu wao wa tangu zamani uitwao ngitili: mvua zinapoanza, sehemu ya malisho hufungwa isiingizwe mifugo, ili majani yawe akiba ya kiangazi. Utaratibu huo ulikuwa umelegea, hasa baada ya watu kuhamishiwa katika vijiji vipya katika miaka ya 1970 na kuziacha ngitili zao nyuma. Sifa ya mpango ule ni kwamba ulikubali kujifunza. Uliwauliza wenyeji, ukawasikiliza, ukautia nguvu utaratibu wao badala ya kuufuta. Hekta zilizohesabiwa mwaka 1986 zilikuwa zipatazo 600 tu. Ulipokwisha mpango huo mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimevuka hekta 300,000. Sehemu kubwa ya miti iliyorudi haikupandwa na mtu; ilichipua kwenye visiki na mizizi iliyokuwa bado hai ardhini, pale ilipopewa nafasi ya kupumua. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mipango ya wageni na ya ofisi ni misala ipitayo. Ngitili ni mbachao.

Je, tuseme basi kwamba siri ya Shinyanga ni hiari tupu, kila mtu afanye apendavyo? La hasha. Ngitili ina sheria kali. Kanuni zake hukubaliwa katika mikutano ya kijiji na katika dagashida, baraza la jadi la Wasukuma. Sungusungu huzisimamia, na anayeingiza ng'ombe wake mahali palipofungwa hutozwa faini. Huko pia kuna amri! Tofauti ni kwamba anayetii amri hiyo alikuwapo ilipotungwa, anaijua sababu yake, na majani yanapokatwa kiangazi naye hupata fungu lake. Kwa hiyo swali tuliloanza nalo halikuwekwa sawasawa. Si suala la kuchagua kati ya amri na hiari. Amri ambayo watu wameitunga wenyewe ni hiari iliyovaa nguo za kazi.

Babati nako kulionekana jambo kama hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikusudiwa kuufanya msitu wa Duru-Haitemba kuwa msitu wa hifadhi wa serikali. Habari hizo zilipoenea, baadhi ya watu waliongeza kukata, kwa kuwa kitu kinachokwenda kunyang'anywa hakina sababu ya kutunzwa. Ndipo shauri likageuzwa, na kufikia mwaka 1994 vijiji vinane vilikabidhiwa ulinzi wa msitu ule. Vijiji vikaweka kanuni na walinzi wao, na msitu ukaanza kupona. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliupa utaratibu wa namna hiyo nguvu nchini kote. Watu wale wale, na miti ile ile. Kilichobadilika ni jibu la swali moja: huu msitu ni wa nani?

Hapa hatuna budi kulichunguza neno linalotumika sana katika hotuba na ripoti, nalo ni kuwashirikisha wananchi. Mara nyingi maana yake ni kwamba shauri limekwisha katwa ofisini, na wananchi wanaitwa waje na majembe. Huko ni kushirikishwa jasho bila kushirikishwa akili. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 yatufundisha namna iliyo bora. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kuzunguka redio. Wakasikiliza, wakasoma vijitabu, wakajadiliana juu ya malaria, kichocho na kuhara damu, kisha kila kikundi kikaamua kazi ya kufanya mahali pake. Maelfu kwa maelfu ya vyoo yakachimbwa. Mazungumzo yalitangulia, jembe likafuata.

Lakini yafaa tujihadhari na kosa la upande wa pili, yaani kuisifu jamii kana kwamba ni mtu mmoja mwenye moyo mmoja. Kijijini wamo wenye ng'ombe mia na wasio na mbuzi. Wamo wanaume wasemao barazani na wanawake wanaofuata kuni mbali zaidi kila msitu unapofungwa. Hata katika ngitili, mwenye ardhi kubwa hupata akiba kubwa. Shauri la kijiji lisilomsikia maskini laweza kuwa na dhuluma ile ile ya ofisini, ila imekaa karibu zaidi. Tena yapo madhara yasiyozuilika na kijiji. Mfuko wa plastiki haukutengenezwa na mama muuza nyanya, na ulipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, ilikuwa ni haki serikali yenyewe isimame mbele. Si uungwana kumwambia mnyonge azoe kwa mikono kile ambacho mwenye nguvu anakimwaga kwa magari. Katiba yetu, katika ibara ya 27, yamwekea kila mtu wajibu wa kulinda mali asilia. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na salama. Wajibu na haki ni mapacha. Tukimbeba mmoja na kumwacha mwenziwe, tunamdhulumu raia.

Kwa walimu na wanafunzi, jambo hili halihitaji safari ya kwenda Shinyanga. Limo katika uwanja wa shule. Katika shule nyingi mwanafunzi aliyechelewa hupewa fagio, na aliyegoma kusoma husafisha vyoo. Tafakarini somo linalofundishwa hapo bila ubao wala chaki: kwamba usafi ni fedheha, kwamba kushika fagio ni alama ya mkosaji, na kwamba mtu mwema ni yule aliyesalimika na kazi hiyo. Je, kijana huyo akiwa mtu mzima tutashangaa akitupa taka barabarani na kumsubiri 'mkosaji' mwingine aje kuziokota? Adhabu na itafutwe nyingine. Fagio lirudishiwe heshima yake: wanafunzi waketi barazani mwao, wakubaliane zamu na kanuni, na mwalimu naye awe na zamu yake. Miti ya shule ipewe wenyewe, watakaojua ni lini ilipandwa na ni nani atakula matunda yake.

Hatudai kwamba njia hii ni ya haraka. Shauri huchukua siku nyingi, na amri huchukua dakika moja. Lakini kazi iliyofanywa kwa kumwogopa msimamizi huisha msimamizi anapoondoka, na hakuna taifa lililo na wasimamizi wa kutosha kuweka mmoja katika kila mtaro na kila kisima. Walinzi wa kutosha tunao tayari: ni wale wanaoyanywa maji ya kisima hicho. Waulizwe kwanza.