Kinachoachwa Nje ya Fokasi

Mwaka 2013 ziliingia sokoni lenzi mbili zinazokaribiana sana kwa namba na kuachana sana kwa imani. Ya kwanza ni Otus ya Zeiss, milimita 55, f/1.4. Bei yake ilikaribia dola 4,000 za Marekani, na walioitengeneza walikuwa wamepania kufuta kila kosa ambalo kioo kinaweza kufanya. Ya pili ni Nikkor ya Nikon, milimita 58, nayo f/1.4. Hii iliuzwa kwa chini ya nusu ya bei hiyo, na wahandisi wake waliacha kwa makusudi sehemu ya kosa ambalo wangeweza kulisahihisha. Ilipowekwa mbele ya chati za mistari, tundu likiwa wazi kabisa, ilionekana butu. Baadhi ya wapiga picha walisoma vipimo hivyo wakaipita. Wengine waliinunua hivyo hivyo, na ukiwauliza leo watakwambia hawaiuzi.

Hao wa pili ndio wanaonishughulisha. Mtu anayetoa fedha nyingi kununua chombo kinachokosea, kisha akakipenda kwa ajili ya kosa lenyewe, anapenda nini hasa?

Kwanza tuelewane kuhusu chombo. Lenzi ya namna hii haivuti. Ina umbali wake mmoja, na ukitaka kumsogelea mtu unatumia miguu. Badala yake unapewa tundu pana, ambalo wapiga picha huliita apecha: f/1.4 hupitisha mwanga mara nne ya f/2.8. Upana huo una gharama. Simama mita moja kutoka uso wa mtu ukiwa na lenzi ya milimita 50, ufungue tundu mpaka mwisho, na ukanda utakaotoka kwa ukali ni wa takriban sentimita 3. Kope utazihesabu, sikio litakuwa limekwisha yeyuka.

Jibu la haraka ni kwamba watu wanapenda lenzi hizi kwa sababu ya giza, na historia inaliunga mkono. Stanley Kubrick alipotengeneza filamu ya Barry Lyndon, iliyotoka mwaka 1975, alitaka vyumba vya karne ya 18 vionekane kwa mwanga wa mishumaa. Alipata lenzi tatu za Zeiss Planar za milimita 50, f/0.7, kati ya kumi tu zilizotengenezwa, nyingi zikiwa za NASA. Kamera ilibidi ichongwe upya ili kioo kile kikae karibu na filamu kiasi kilichotakiwa. Waigizaji nao walilazimika kutulia kwenye viti vyao, maana aliyeinama kidogo kuelekea mezani alitoka kwenye ukanda wa ukali. John Alcott, aliyesimamia upigaji picha, akapata Oscar. Hapo lenzi pana ilikuwa hitaji.

Lakini leo hitaji hilo limepungua mno. Kamera za kidijitali huona kwenye chumba chenye balbu moja dhaifu, hata kwa lenzi ya kawaida. Kama giza ndilo lingekuwa sababu, mapenzi haya yangefifia pamoja nalo. Badala yake, wapo wanaotoka na lenzi hizo jua la saa sita mchana na kuzifunga kichujio cheusi ili tu waweze kulifungua tundu lote. Anayenunua mdomo mpana kisha akauzibia mwanga hatafuti mwanga.

Jibu la pili linapendeza zaidi, ila nalo halisimami: kwamba picha yenye ukanda mwembamba wa ukali inafanana na tunavyoona kwa macho. Ni kweli kwamba jicho linaona kwa ukali eneo dogo tu, kama nyuzi mbili za upana, na kwingine kote ni makisio. Lakini nani amewahi kuuona ukungu wa jicho lake? Jicho huruka mara kadhaa kwa sekunde, na kila linapotua panakuwa angavu. Ukijaribu kuutazama ukungu ulioko pembeni, unaugeukia. Ukiugeukia, haupo tena. Kutokuona kwetu kunatukimbia kila tunapotaka kukuona.

Hapa ndipo ninapoona thamani ya kioo hiki. Picha haigeuki. Ukungu uliokaa nyuma ya uso utabaki ukungu hata ukiukodolea macho mchana kutwa, na kwa mara ya kwanza unaweza kutulia na kutazama kitu jinsi kilivyo wakati hakitazamwi. Jicho halina uwezo huo. Wanaosema lenzi pana inaiga macho wamegeuza jambo juu chini: inaonyesha kile ambacho macho yanafanya muda wote na hayaturuhusu kukishuhudia.

Nikikubali hilo, neno linalotumiwa sana na wapenzi wa lenzi, yaani tabia, linapata maana. Lenzi zote nzuri zinakaribiana katika ukanda wa ukali. Kope ni kope. Zinaachana katika kile kilicho nje ya ukanda huo. Tabia ya lenzi ni namna inavyokitendea inachokiacha.

Chukua Helios 44, milimita 58, f/2, iliyotengenezwa kwa wingi mno Umoja wa Kisovieti kwa ajili ya kamera za Zenit. Ramani yake ilitokana na Biotar ya Zeiss wa Jena, ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Mpige mtu picha akiwa mbele ya mti wenye majani yanayopenya mwanga. Vitone vya mwanga vilivyo nyuma yake, karibu na katikati ya picha, vitatoka vikiwa duara. Vya pembeni vitakatwa na kingo za mwili wa lenzi, viwe vyembamba vyenye ncha mbili, na kila kimoja kitalala kukizunguka kitovu. Jumla yake ni mandhari inayozunguka kama uji unaokorogwa, na mtu katikati ametulia. Hakuna aliyepanga hivyo. Ni mabaki ya hesabu za watu waliotaka ukali wa katikati na wakakubali kupoteza pembeni.

Nikkor ile ya 2013 ilifuata njia nyingine. Katika kioo chenye uso wa mviringo wa kawaida, miale inayopita pembeni hukutana mapema kidogo kuliko inayopita katikati. Kosa hilo likirekebishwa kupita kiasi, kila kitone cha mwanga nyuma ya mhusika kinapata pete kali, na mandhari yote inachokonoa macho. Likiachwa kidogo, kitone kinang'aa katikati na kufifia ukingoni, hivyo kinaingia ndani ya jirani yake bila mpaka. Kinachofurahisha ni kwamba jambo hili lina pande mbili: kosa lile lile linalobembeleza kilicho nyuma ya fokasi hukwaruza kilicho mbele yake. Mhandisi hawezi kuwa mpole pande zote.

Kwa hiyo kila lenzi ni uamuzi kuhusu kipi kipotee. Joseph Petzval, profesa wa hisabati jijini Vienna, alifanya uamuzi wake mwaka 1840 alipokokotoa lenzi ya f/3.6 kwa ajili ya picha za watu, akisaidiwa na askari wa mizinga hodari wa hesabu. Voigtländer ndio walioitengeneza. Lenzi za wakati huo zilihitaji mtu akae bila kutikisika kwa muda wa kuchosha. Hii yake iliufupisha muda huo sana, ikatoa ukali katikati, na pembeni ikaharibu. Petzval aliuona uharibifu huo kama bei. Leo wapo wanaolipa ili wapate huo uharibifu wenyewe, na kioo cha aina yake kimefufuliwa kwa ajili ya kamera za kidijitali.

Tuseme basi kwamba nia si lazima. Tabia inaweza kuzaliwa na bahati, mradi tu iwe na kanuni: kwamba kwa umbali huu, kwa mwanga huu, itafanya hivi, na kesho itafanya vivyo hivyo. Lenzi mbovu, iliyolegea skrubu, inakosea ovyo na hakuna anayeipenda. Ile yenye tabia inakosea kwa uaminifu, kwa hiyo mtu anaweza kujifunza makosa yake na kuyategemea.

Bado pana ubishi wa zamani ambao sitaki kuuruka. Julia Margaret Cameron, aliyeanza kupiga picha katika miaka ya 1860 akiishi Kisiwa cha Wight, Uingereza, alizungusha lenzi mpaka akaona uzuri, akasimama hapo, wala hakujali kama ukali ulikuwa bado mbele. Wakosoaji wa wakati wake waliuita uzembe. Miaka kama sabini baadaye, mwaka 1932, Edward Weston, Ansel Adams na wenzao walifanya maonyesho San Francisco chini ya jina Group f/64, tundu dogo kabisa linaloupa ukali mwamba wa karibu na mlima wa mbali kwa pamoja. Kwao ukungu ulikuwa hila ya kuifanya picha ijifanye mchoro. Nawaelewa. Anayekipa ukali kila kitu hajamdharau mtu. Anayeupa ukali ukanda wa sentimita 3 amekwisha hukumu kabla hajabonyeza.

Hukumu hiyo huonekana wazi kabisa harusini. Nenda ukumbi wowote wa Dar es Salaam au Mombasa: mpambaji amekesha akipanga maua, vitambaa na taa, familia imechangishana kumlipa. Albamu inapofika, yale maua ni madoa ya rangi na zile taa ni duara zinazoelea nyuma ya shela. Mama wa bibi harusi anauliza, kwa upole, “Mwanangu, na maua yetu je?” Kijana mwenye kamera anajibu kwamba hiyo ndiyo sanaa yenyewe. Labda. Ila mama naye amesema jambo la kweli kuhusu falsafa ya lenzi: ukungu huo uliotupendeza una mwenyewe, na alikuwa na jina na ankara.

Simu zimejaribu kumaliza ugomvi huu kwa njia yao. Hasa tangu mwaka 2016, iPhone 7 Plus ilipoueneza ukungu wa kukokotolewa, programu humtafuta mtu, humkata kutoka kwenye mandhari, kisha huyafifisha yaliyobaki, na siku hizi unaweza kuongeza au kupunguza ukungu hata baada ya picha kupigwa. Watu huicheka inapokosea kwenye nywele au ukingo wa miwani. Hayo yatarekebishwa, si hapo penye tofauti. Kioo hakijui mtu ni nani. Kinachokijua ni umbali tu, na jani lililo umbali ule ule na jicho la bibi harusi litapata ukali ule ule. Simu huanza kwa kuuliza nani muhimu.

Kwa muda nilidhani hoja hii inatosha kukipa kioo ushindi. Lakini fikiria ndugu wawili wamesimama mbele ya lenzi ya f/1.4, mdogo akiwa nusu hatua nyuma ya mkubwa. Kioo kitampa mkubwa uso na kumyeyusha mdogo, bila chuki na bila kujua. Programu ikiona nyuso mbili inaweza kuzibakiza zote mbili. Mpiga picha mwenye lenzi pana ana njia mbili: afunge tundu mpaka f/5.6 na kuipoteza ile tabia aliyoilipia, au amwambie mdogo asogee mbele. Wengi wa ninaowafahamu humwambia asogee.