Zabibu Kali na Meno ya Watoto

Masomo: Yeremia 31:29-30, Yeremia 32:6-15, Luka 13:4-5

 

Katika vikundi vya maombi limeulizwa tena swali la mvua. Wengi wetu hatujasahau Mei 2023. Usiku wa kuamkia tarehe 3, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Tarehe 4, huko kwetu Kalehe, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi vilifunikwa na maji na matope, wakafa zaidi ya 400. Baadhi ya familia zinazosoma ukurasa huu zilipoteza ndugu zao pale.

Wapo waliosema ni adhabu ya dhambi zao. Tuwajibu kwa maneno ya Bwana mwenyewe. Alipokumbushwa habari za mauti, aliwataja wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akakataa kabisa kwamba walikuwa wabaya kuliko wengine wa Yerusalemu. Basi na sisi tusiwahukumu marehemu wa Kalehe.

Wapo pia wanaosema ni siku za mwisho, imeandikwa, hakuna la kufanya. Hapa ndipo tunaomba mtusikilize kwa makini. Kurudi kwa Bwana tunakuamini. Lakini joto la dunia lina sababu inayojulikana, na sababu hiyo ni kazi ya mikono ya watu. Kabla ya viwanda kuenea, katika kila chembe milioni za hewa, 280 zilikuwa hewa ya ukaa. Leo ni zaidi ya 420. Zimetoka katika makaa ya mawe, mafuta na gesi, na katika misitu iliyokatwa. Hewa hiyo hufunika dunia kama blanketi. Na hewa iliyopata joto hubeba maji mengi zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila digrii moja, kwa hiyo mvua ikishuka hushuka kwa nguvu.

Je, ndiyo iliyoleta yale ya Kalehe? Wanasayansi walijaribu kupima mwaka ule ule wa 2023, wakashindwa kutoa jibu kwa sababu takwimu za mvua za pande zetu hazikutosha. Fikirini hilo, ndugu zangu. Watu wanakufa, na hata mvua iliyowaua haikupimwa sawasawa.

Yanayokuja mbele yamepimwa vizuri zaidi. Jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2021 kwamba hadi karibu mwaka 2040 njia zote zinakaribiana, watu wakipunguza moshi au wasipopunguza. Baada ya hapo njia zinaachana. Mataifa yakipunguza haraka, joto la mwisho wa karne litakuwa limepanda kama digrii 1.4 hadi 1.8 kuliko zamani. Yakiongeza uchomaji bila kujizuia, linaweza kupita digrii 4. Mtoto tuliyembariki madhabahuni mwaka huu atakuwa bibi au babu wa miaka zaidi ya 70 wakati huo. Yaani uamuzi unafanywa leo na watu ambao wengi wao hawataona matunda yake.

Ndiyo methali aliyoitaja Yeremia: baba wanakula zabibu kali, na meno yanayokufa ganzi ni ya watoto. Nabii alisema itafika siku ambayo kila mtu atabeba ganzi ya meno yake mwenyewe. Siku hiyo kwa jambo hili bado. Marekani peke yake imetoa karibu robo ya hewa ya ukaa iliyotolewa tangu viwanda vianze. Afrika nzima leo hutoa kama asilimia 4 tu. Kwa hiyo hatutakubali mama mkimbizi mwenye mzigo wa kuni kichwani awe mshitakiwa wa kwanza! Wenye deni kubwa wanajulikana, na kuwaambia ukweli si kukosa adabu.

Lakini uchaguzi uko hata karibu nasi. Wengi wetu tulipovuka mto tulipokelewa kwanza Rusizi, wengine katika umurenge wa Butare, upande wa msitu wa Nyungwe. Wilaya hiyo moja inazo njia zote mbili. Gishoma kuna kituo cha umeme cha megawati 15, kilichoanza kazi mwaka 2017, kilichojengwa kuchoma nyiramugengeri, ule udongo mweusi wa mabwawa uliochukua maelfu ya miaka kujikusanya. Na kuna mto wenyewe, ule tuliouvuka tukiwa na watoto mgongoni. Maji yake yanatoa umeme tangu miaka ya 1950, na nchi tatu, Rwanda, Burundi na Kongo, zimekubaliana kujenga pale Ruzizi III ya megawati 206. Hatuwalaumu waliotafuta umeme kwenye udongo, giza nalo ni umaskini. Tunasema tu kwamba mto ulikuwepo.

Na Nyungwe, iliyoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2023, imeshika ukaa mwingi katika miti yake, na maji yake yanalisha Nile na Kongo. Kambi ya Mahama ilipoanza kupikia gesi badala ya kuni, miti ilipumzika na vifua vya akina mama pia. Gesi nayo hutoka ardhini, si safi kabisa, lakini ni afadhali.

Sasa someni sura ya 32. Yerusalemu imezingirwa, Yeremia amefungwa, naye ananunua shamba Anathothi! Analipa fedha, anaweka hati katika chombo cha udongo ili ikae siku nyingi. Hakutegemea kulilima mwenyewe.

Sisi nasi ardhi hii si yetu, na hatujui tutahamishwa lini. Hata hivyo miche ya parachichi na grevilea iko nyuma ya kanisa, miwili kwa kila familia. Wazee wataandika majina Jumapili baada ya ibada. Mje na ndoo ya maji, na muwalete watoto.