Umeme wa Jua ni wa Nani Kwanza?

Mwaka 2018 ndege isiyo na rubani, iendeshwayo kwa betri, ilipeleka dawa toka Mwanza hadi Ukerewe, kilometa 60 kwa dakika kama 40. Twaisifu kazi hiyo. Lakini tuseme kituo cha namna hiyo kimejengwa Chitete, wilayani Momba, na betri zake zajazwa kwa nguvu ya jua. Usiku, katika zahanati ya jirani, mama anajifungua gizani, nazo betri zimejaa, zikingoja safari ya alfajiri. Je, zimwangazie? Twajibu: ndiyo, shida yake ni hakika, ya kesho ni labda. Hata hivyo, wajenzi wasituachie uchaguzi huo. Yawapasa kuhesabu taa ya zahanati kabla ya ndege. Haki hupimwa siku ya kujenga, si usiku wa uchungu.