Chombo cha kustaafia
Ukibakiza miaka mitano kazini na moyo umeshahamia baharini, usianze kwa kuuliza kiinua mgongo kitanunua chombo kirefu kiasi gani. Uliza ni tanga lipi mikono yako itaweza kulishusha ukiwa na miaka 70, usiku, upepo umechachamaa. Wanandoa mabaharia Lin na Larry Pardey waliizunguka dunia kwa Seraffyn, mashua ya futi 24 isiyo na injini, waliyoiunda wenyewe. Kila futi unayoongeza hudai nanga nzito zaidi, tanga pana zaidi, rangi zaidi ya kupaka chini. Na mwenzi wako? Mpandishe kwanza. Kodini chombo wiki nzima, mpike humo, mlale humo mawimbi yakigonga ubavuni. Asubuhi ya siku ya nne muulize, kisha msikilize kabla hujamwona muuzaji.