Fedha Zilizolala na Posho ya Mlinzi

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya ndugu zetu wakapotea. Hatudhani kila mmoja wao alikuwa amewaambia jamaa zake anaweka akiba benki gani. Fedha za namna hiyo hukaa kimya. Hakuna atiaye wala atoaye.

Waingereza walitunga sheria mwaka 2008: akaunti isipoguswa kwa miaka 15, fedha zake zaweza kutumika kwa manufaa ya jamii, ila mwenyewe akitokea hulipwa. Kenya nao, kwa sheria ya mwaka 2011, waliunda Mamlaka ya kuzitunza na kuwarudishia wenyewe. Sasa wako wanaouliza: kwa nini fedha hizi zisigharimie kazi ya kuwasimamia wakusanyao michango ya hisani?

Swali hili si la upuuzi. Sheria yetu ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2002 imeweka Msajili, na mashirika hulipa ada kila mwaka. Ada hiyo mara nyingi yatoka katika shilingi ile ile iliyotolewa kwa ajili ya yatima. Mlinzi anahitajiwa, naye hana budi kula.

Lakini hebu tufikiri, ndugu wasomaji. Mlinzi akila fedha zilizolala, atapenda ziendelee kulala. Kila mjane atakayekuta kitabu cha benki cha marehemu sandukuni atakuwa hasara kwake. Tena ni ajabu kumlipa anayezuia mali ya watu isiliwe kwa mali ya mtu ambaye hakuulizwa. Torati yamwagiza aliyeokota ng'ombe wa jirani amtunze mpaka mwenyewe aje. Haisemi amkodishe ili kumlipa mgambo wa kijiji.

Watasema marehemu hahitaji fedha. Naam, lakini warithi wanazihitaji, na huenda wengine wako hapa hapa kando ya Mto Mirongo wakihangaikia sare na madaftari ya watoto.

Ikiwa hapana njia nyingine, basi msimamizi alipwe kwa riba peke yake, na hata hiyo twaitoa kwa shingo upande. Kuwatafuta warithi kutangulie, tena wapewe kazi hiyo watu wengine kabisa. Majina yabandikwe hata ofisi za kata, Ukerewe na Sengerema, bila kutaja kiasi, maana matapeli nao husoma matangazo.